Wauguzi wanavyowafaa wanawake wazee wasio na makao jijini Boston

WANAWAKE wazee wasio na makao ni miongoni mwa wagonjwa ambao hospitali huwaona mara nyingi lakini huwaponya kwa nadra. Hufikishwa kwa ambulensi usiku wa manane, hufungwa vidonda, huandikiwa dawa na kuambiwa waende nyumbani wakapumzike. Nyumbani kwenyewe hakuna. Baada ya wiki moja au mbili hurejea na kidonda kilekile, mara hii kikiwa kimeoza.

Katika jiji la Boston, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wauguzi waliitambua hali hii zaidi ya nusu karne iliyopita. Badala ya kumsubiri mgonjwa afike hospitalini, walimfuata mahali anakolala na anakokula. Huduma waliyoianzisha imekuwa kielelezo kwa miji mingine, na inaonyesha jinsi muuguzi anavyoweza kumfikia mama aliyekwisha kumkatia tamaa daktari. Inaonyesha vilevile mahali ambapo uuguzi, hata uwe bora namna gani, hugonga mwamba.

Mzee wa miaka 50

Nchini Marekani, bima ya afya ya serikali kwa wazee, iitwayo Medicare, humpokea mtu anapotimiza umri wa miaka 65. Malipo ya uzeeni yanaweza kuanza mtu akiwa na miaka 62. Mwili wa mtu asiye na makao, hata hivyo, hausubiri miaka hiyo itimie.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 uliwachunguza watu 247 wenye umri wa kati ya miaka 50 na 69 waliokuwa wakiishi katika makao ya muda jijini Boston. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 56 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wameanguka angalau mara moja katika kipindi cha mwaka mmoja. Takriban nusu walitatizwa na kushindwa kuzuia mkojo. Karibu thuluthi walipata taabu kutekeleza shughuli za kawaida kama vile kuoga, kuvaa nguo au kuinuka kitini, na kiasi cha robo walikuwa na dalili za kudhoofika kwa kumbukumbu. Haya ni maradhi ambayo madaktari huyatarajia kwa mtu aliyevuka miaka 70. Watafiti walipowalinganisha na wazee wa Boston wa miaka 70 na zaidi wenye nyumba zao, waligundua kuwa wasio na makao, japo walikuwa wadogo kwa miaka mingi, ndio walioelemewa zaidi.

Utafiti mwingine ulianza mwaka wa 2013 mjini Oakland, katika jimbo la California. Uliwafuatilia watu 350 wasio na makao waliokuwa wametimiza miaka 50 na zaidi. Asilimia 44 kati yao walikuwa wamepoteza makao kwa mara ya kwanza baada ya kufikia umri huo wa miaka 50. Hao si watu waliozoea kutangatanga tangu ujana wao. Ni watu waliofanya kazi, wakalipa kodi ya nyumba na kulea watoto, kisha wakapatwa na jambo moja zito: kufiwa na mume au mzazi, kuvunjika kwa ndoa, kuachishwa kazi au kuugua.

Baadaye watu wengine 100 waliongezwa katika utafiti huo. Kati ya washiriki wote 450, watu 117 walikuwa wamefariki kufikia mwisho wa mwaka wa 2021, na zaidi ya nusu ya marehemu hao walikuwa hawajatimiza miaka 65. Maanake ni kwamba wengi walizikwa kabla ya kuufikia umri ambao sheria ingewaita wazee.

Idadi yao si ndogo. Hesabu iliyofanywa kote nchini Marekani katika usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata watu 771,480 wasio na makao. Mmoja kati ya kila watano alikuwa na umri wa miaka 55 au zaidi.

Masaibu ya wanawake

Miongoni mwa wazee hao, wanawake wana masaibu yao ya kipekee. Wengi walifanya kazi za mishahara duni, au waliacha kazi kwa miaka mingi ili walee watoto na kuwauguza wazazi. Malipo ya uzeeni hukadiriwa kwa kutegemea mshahara aliokuwa akipata mtu, kwa hivyo aliyejitolea kuwatunza wengine huambulia kidogo. Mama aliyeishi na mzazi wake mgonjwa katika nyumba ya kukodi hujikuta bila paa siku chache baada ya mazishi, hasa ikiwa hati ya kukodi haikuwa na jina lake.

Mwanzoni huomba hifadhi kwa jamaa na marafiki. Hulala sebuleni kwa dada, kisha kwa rafiki wa kazini, kisha kwa jirani wa zamani. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama wa miaka 60 mwenye magoti mabovu hana nguvu za kushika jembe hilo, na milango hufungwa mmoja baada ya mwingine. Katika kipindi hiki hahesabiwi popote, kwa kuwa hajaonekana barabarani.

Sheria nayo humwacha kando. Tangu mwaka wa 1983, jimbo la Massachusetts limekuwa na sheria inayolipa wajibu wa kuzipa hifadhi familia zisizo na makao. Sheria hiyo inawalenga wazazi wenye watoto wadogo na wanawake wajawazito. Mwanamke ambaye watoto wake wamekua na kwenda zao huhesabiwa kuwa mtu mmoja asiye na mtegemezi. Malezi yake yote hayamsaidii kitu mbele ya sheria hiyo.

Anapofika barabarani, hofu kubwa ni kushambuliwa na kunajisiwa. Wanawake wengi hukwepa kulala usiku. Hukaa wima vitini katika vituo vya mabasi, katika vyumba vya kungojea hospitalini, au hutembea hadi alfajiri. Miguu inayoning'inia usiku kucha hufura. Ngozi hutanuka, hupasuka na kufanya vidonda ambavyo haviponi. Wakati wa baridi kali ya Boston, ambapo kipimo cha joto hushuka chini ya sufuri, soksi zilizolowa huweza kuviua vidole vya miguu.

Wauguzi watangulia

Makao ya muda ya Pine Street Inn yalianzishwa Boston mwaka wa 1969. Wakati huo huduma za aina hiyo jijini zilikuwa za wanaume. Mwanaharakati Kip Tiernan alishangazwa na wanawake waliokuwa wakijivika mavazi ya kiume ili waweze kupanga foleni ya chakula pamoja na wanaume. Mwaka wa 1974 alifungua Rosie's Place katika duka kuukuu la mtaa wa South End. Hayo ndiyo yanayotambuliwa kuwa makao ya kwanza nchini Marekani kutengewa wanawake wasio na makao. Tiernan aliaga dunia mwaka wa 2011. Hadi leo Rosie's Place haipokei fedha za serikali.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya sabini, wauguzi walifungua zahanati ndani ya Pine Street Inn na kuiendesha wenyewe. Hawakumsubiri daktari awaamuru. Walisafisha vidonda, walipima shinikizo la damu, waligawa dawa na kuwaelekeza hospitalini waliozidiwa. Miongoni mwao alikuwa Barbara McInnis, muuguzi aliyejulikana kwa upole wake na kwa msimamo wake usioyumba kwamba mgonjwa hatakiwi kuharakishwa.

Mwaka wa 1985 Boston ilikuwa mojawapo ya miji 19 iliyopata ufadhili wa wakfu wa Robert Wood Johnson na ule wa Pew ili kuwatibu watu wasio na makao. Ndipo lilipozaliwa shirika la Boston Health Care for the Homeless Program. Daktari kijana, Jim O'Connell, aliyekuwa amehitimu mafunzo yake katika hospitali maarufu, alitumwa kujiunga na wauguzi wa Pine Street Inn. Alifika na kifaa chake cha kusikilizia moyo shingoni. McInnis alimwagiza akiweke kando. Kazi yake ya kwanza ingekuwa kuosha miguu.

Daktari huyo amesimulia mara nyingi kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa akiinama mbele ya wagonjwa na kuilowesha miguu yao katika maji. Ndipo baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamekataa matibabu kwa miaka walipoanza kumweleza yanayowasumbua na kukubali dawa.

Maji ya vuguvugu

Kuosha miguu kuna manufaa ya aina mbili. Kwanza ni tiba. Muuguzi huona vidonda, kuvu, kucha zilizojipinda na kuzama nyamani, uvimbe unaoashiria kudhoofika kwa moyo, na kufa ganzi kunakoashiria kisukari. Mguu humpa habari nyingi kabla hajauliza swali lolote.

Pili, huondoa kiburi cha chumba cha daktari. Muuguzi ameketi chini, mgonjwa ameketi juu. Hakuna meza kati yao wala fomu ya kujaza. Mama aliyedhalilishwa mara nyingi, ambaye huenda aliwahi kuondoshwa hospitalini kwa sababu ya harufu ya nguo zake, anaguswa kwa heshima. Kwa mwanamke aliyewahi kudhulumiwa kimwili, mguu ni mahali pa kuguswa pasipomtia hofu kama kifua au tumbo. Huenda siku ya kwanza asiseme neno. Siku ya kumi huenda akataja uvimbe alioupapasa kwenye titi na ambao amekuwa akiuficha.

Imani hiyo haijengwi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hivyo zahanati hizi huwekwa pale ambapo wanawake huja kwa shughuli nyingine: katika makao ya muda, mahali panapogawiwa chakula, na ndani ya Rosie's Place kwenyewe. Mama haandikishi miadi ya wiki tatu zijazo. Anakunywa chai, na muuguzi yuko chumba cha pili.

Dawa inayolingana na maisha

Ujuzi mkubwa wa wauguzi hawa umo katika kuoanisha matibabu na maisha ya mgonjwa. Mfano mmoja ni dawa za shinikizo la damu. Baadhi yazo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Mwanamke anayeshinda mjini pasipo choo huziacha, kwa kuwa kujikojolea hadharani ni aibu asiyoweza kuivumilia. Daktari asiyemjua humwandika kuwa mkaidi. Muuguzi anayemjua humuuliza analala wapi na choo kiko wapi, kisha hutafuta dawa nyingine au hubadilisha saa ya kuimeza.

Insulini nayo huharibika kwa joto kali na kwa kuganda, na sindano zake huibwa. Kwa hivyo muuguzi huhifadhi dawa za mgonjwa kwenye zahanati na kumpa za siku chache. Huchagua inapowezekana dawa inayomezwa mara moja kwa siku. Hupima macho na kumtafutia miwani, kwa sababu asiyeona vizuri huanguka. Huuliza kuhusu mkojo bila kumwaibisha, na kumpa nguo za ndani za kujikinga. Huangalia kumbukumbu pia: mama anayekosa miadi kila mara huenda si mzembe bali ameanza kupoteza fahamu za siku na saa.

Wengi wa wanaofanya kazi hii ni wauguzi wenye mafunzo ya juu, ambao wanaruhusiwa kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Sheria iliyotiwa saini Massachusetts mwaka wa 2021 iliwapa wauguzi wa aina hiyo, wakishapata uzoefu unaotakiwa, uhuru wa kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Madaktari, wahudumu wa jamii na wataalamu wa akili wangali sehemu ya kikosi, lakini aghalabu muuguzi ndiye wa kwanza kukutana na mgonjwa.

Kitanda cha kupona

Kuna wagonjwa ambao hali yao si mbaya kiasi cha kulazwa hospitalini, lakini wamedhoofika mno kulala barabarani. Mama aliyevunjika mkono, anayetibiwa saratani au anayepona nimonia ni wa kundi hilo. Mwenye nyumba angejilaza kitandani kwake. Hata uchunguzi wa utumbo mpana, ambao humlazimu mtu kunywa dawa ya kuharisha usiku kucha, hauwezekani kwa asiye na choo cha faraghani.

Kwa sababu hiyo, shirika hilo la Boston lilitenga vitanda vya kuuguzia tangu mwanzo wake mwaka wa 1985. Kituo kilichojengwa baadaye kilipewa jina la Barbara McInnis, muuguzi yule aliyeanzisha wengine kwa beseni la maji. McInnis alifariki mwaka wa 2003. Tangu mwaka wa 2008 kituo hicho kimekuwa katika jengo la Jean Yawkey Place, mkabala na hospitali kuu ya Boston Medical Center, kikiwa na vitanda 104. Wauguzi wapo mchana na usiku. Wagonjwa hupewa chakula, dawa na muda wa kupona.

Uuguzi unapogonga mwamba

Hata hivyo, wagonjwa wanaoondoka kituoni wakiwa wamepona hurudi wapi? Wengine hurejea palepale walipougulia. Kidonda kilichofungwa kwa wiki sita hufunguka tena kwa usiku mitatu ya kuketi wima. Hapo ndipo juhudi za muuguzi hufanana na kuteka maji kwa pakacha.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mnamo Juni 2024, katika kesi iliyotoka mji mdogo wa Grants Pass jimboni Oregon, uliiruhusu miji kuwaadhibu watu wanaolala katika maeneo ya umma hata kama hakuna vitanda vya kuwatosha. Wanaofurushwa hupoteza dawa, miwani na vitambulisho. Muuguzi aliyetumia miezi sita kuijenga imani ya mama mmoja hufika asubuhi na kukuta pahali patupu.

Muuguzi Anna Bissonnette alikuwa mmoja wa wanawake wa Boston waliolitafakari jambo hili. Mwaka wa 1991 walianzisha kamati ya kukomesha ukosefu wa makao miongoni mwa wazee, ambayo baadaye iliitwa Hearth. Walihitimisha kwamba mzee hawezi kutibiwa ipasavyo bila nyumba, na kwamba nyumba pekee haitoshi kwa mtu aliyekwisha kudhoofika. Kwa hivyo walianza kujenga na kukarabati nyumba ambamo kila mzee ana mlango wake na ufunguo wake, na wakati huohuo anasaidiwa kuhusu dawa, chakula na miadi ya hospitali. Mojawapo ya nyumba hizo, iliyoko South End, ina jina la Bissonnette.

Huo ndio mwisho unaofaa wa kazi inayoanza kwa kuosha miguu. Dawa hupata kabati. Insulini hupata jokofu. Mgonjwa hupata kitanda cha kunyoosha miguu, na vidonda vilivyodumu kwa miaka hupata nafasi ya kufunga.

Somo kwa Kenya

Habari za Massachusetts si za mbali sana kwa Wakenya. Mji wa Lowell, ulio kaskazini mwa Boston, una jamii kubwa ya Wakenya, na wengi wao hujipatia riziki kwa uuguzi na utunzaji wa wazee.

Nyumbani, Katiba ya mwaka wa 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyevuka umri wa miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Ilhali mpango wa Inua Jamii uliopanuliwa mwaka wa 2018 ili kuwalipa wazee Sh2,000 kwa mwezi uliwalenga waliotimiza miaka 70. Baina ya umri huo na huu kuna pengo la miaka kumi, kama lilivyo pengo linalowameza wanawake wa Boston kabla ya kufika miaka 65. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake akiwa na miaka 58 yuko nje ya mistari yote miwili.

Mafunzo ya wauguzi wa Boston hayahitaji mitambo ya bei ghali. Yanahitaji muuguzi anayemfuata mgonjwa alipo, anayeuliza analala wapi kabla ya kumwandikia dawa, na anayeupima uzee kwa kuutazama mwili wala si kitambulisho. Yanahitaji pia viongozi wanaotambua kwamba muuguzi hawezi kuandika nyumba kwenye karatasi ya dawa. Hiyo hutolewa na wengine.